Maji Mapya, Samaki Taabani

Samaki wa dhahabu akiugua ndani ya siku chache baada ya kubadilishiwa maji, usimtafute mchawi mbali. Chanzo kimo ndani ya tangi, na karibu kila mara ni maji yenyewe. Mwenye samaki huwa hataki kuamini. Anachokiona ni maji meupe pee, kioo kinachong'aa na changarawe zilizosuguliwa zikatakata, na katikati ya usafi wote huo samaki amelala chini, pezi la mgongoni limelegea, au yuko juu anatafuta hewa kwa mdomo. Juzi alikuwa mzima kwenye maji yenye rangi ya chai. Leo anakufa kwenye maji ambayo mtu angeyanywa bila wasiwasi.

Hapo ndipo haraka inapoingia. Mmoja humwaga maji yote tena na kujaza mengine kutoka bombani. Mwingine hufungua kapsuli ya tetrasaiklini iliyobaki kabatini na kuimimina tangini, akiamini kwamba mgonjwa ni mgonjwa na dawa ni dawa. Yote mawili yanaweza kummaliza samaki ambaye angepona. Kabla ya kushika ndoo au dawa, jibu swali moja: kati ya kumimina maji mapya na dalili ya kwanza, umepita muda gani? Madhara ya maji mapya hufanana sana kwa sura. Samaki aliyeungua matamvua na samaki aliyelishwa sumu ya taka yake mwenyewe wote huhema, wote hulala chini, wote hukataa chakula. Lakini hawaanzi kuugua kwa wakati mmoja, na kinachomponya mmoja kinaweza kumuua mwenzake. Saa ya ukutani ndicho kipimo cha kwanza, tena hakina gharama.

Akianza kuhangaika ndani ya dakika au saa chache, mshukiwa ni klorini. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya bomba yafike kwa mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa kila lita, ili vijidudu visipate nafasi njiani. Kiasi hicho hakimdhuru binadamu, kwa sababu tumbo letu hukimaliza kabla hakijaingia kwenye damu. Samaki hanywi tu maji hayo, anayapumua. Ndani ya matamvua yake damu na maji vimetenganishwa na utando mwembamba mno, na klorini huuchoma utando huo hata ikiwa chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Uliochomwa huvimba, ute huongezeka kujikinga, na hewa haipiti tena vizuri. Ndiyo maana samaki huonekana akikosa hewa wakati pampu inapuliza mapovu tele pembeni yake.

Katika nyumba zetu hatari hii ina sura ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji. Familia nyingi za Tanzania na Kenya hutia dawa ya klorini ya matone kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Kipimo chake cha kawaida ni karibu miligramu 2 kwa lita kwa maji meupe, na mara mbili ya hapo maji yakiwa na tope. Mtu anayempenda samaki wake humchotea kutoka ndoo hiyo, kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndiyo maji bora ya nyumbani. Kwa kweli amemchotea maji makali kuliko ya bomba. Vivyo hivyo wakati wa mlipuko wa kipindupindu, au baada ya mafuriko, mamlaka za maji na wenye maboza huongeza dawa. Kama bomba lilikuwa likikufaa mwaka mzima bila kutibu maji, usichukulie kwamba litakufaa mwezi huo pia.

Tiba ya klorini ni kuiondoa klorini, na kuiondoa papo hapo. Dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo kwa kawaida ina thaiosalfeti ya sodiamu, na hufanya kazi ndani ya dakika chache. Ipime kwa ujazo wa tangi zima, si kwa ndoo uliyoongeza tu. Ikikosekana saa hiyo, vitamini C safi ya unga, isiyo na sukari, rangi wala ladha ya chungwa, hufanya kazi hiyo hiyo: takribani miligramu 3 hutosha kwa miligramu 1 ya klorini. Tangi la lita 60 lenye miligramu 1 kwa lita litahitaji kama miligramu 180. Usizidishe sana, kwa sababu ni asidi. Kisha washa pampu ya hewa kwa nguvu zake zote. Usiongeze hata kikombe cha maji ambayo hayajatibiwa. Matamvua yaliyoungua hujijenga upya polepole, na katika kipindi hicho kila tone la klorini ni jeraha juu ya jeraha.

Huo huo muda wa mwanzo una washukiwa wengine wawili, joto na hewa, ambao nitawapitia upesi. Samaki wa dhahabu hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi. Ukichota maji ya asubuhi ya Julai huko Nairobi na kuyamimina kwenye tangi lililoshinda sebuleni lenye jua, tofauti ya nyuzi 5 au zaidi humpiga ghafla. Huko Dar es Salaam tatizo ni kinyume chake: tangi la juu ya paa linaweza kutoa maji ya moto mchana, na maji ya moto hushika hewa kidogo. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30, 7.5 hivi. Maji ya kisima kirefu nayo mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni haba. Dawa ya hayo yote ni kuyaacha maji yakae kwenye ndoo pana, yakipulizwa hewa, mpaka yalingane na tangi.

Kuna jambo moja juu ya samaki huyu ambalo bado linanishangaza kila nikilifikiria. Ni jamaa wa karpu, na kama binamu zake wa maziwa ya kaskazini, anaweza kuishi muda mrefu chini ya barafu bila oksijeni yoyote. Mwaka 2017 watafiti wa Oslo na Liverpool walieleza jinsi misuli yake inavyogeuza tindikali inayojikusanya mwilini kuwa pombe, ambayo hutoka nje kupitia matamvua. Kiumbe mwenye ustahimilivu wa namna hiyo hafi kwa jambo dogo. Lakini uwezo huo ni wa maji ya baridi kali, ambako mwili wake unaenda taratibu sana. Kwenye nyuzi 28 hauna msaada.

Sasa tuje kwenye samaki ambaye maji yalibadilishwa Jumamosi, akashinda vizuri Jumapili, na Jumatatu au Jumanne ndipo alipoanza kulala chini. Huyu hakuungua. Huyu anazama kwenye amonia.

Samaki wa dhahabu hana mfuko wa tumbo kama wetu. Chakula humpita moja kwa moja utumboni, hivyo hula kutwa na kuchafua kutwa, na sehemu kubwa ya taka yake haitoki kwa nyuma. Hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, ambayo haina rangi. Kinachomlinda ni bakteria. Mwishoni mwa karne ya 19, Sergei Winogradsky, mwanasayansi mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alionyesha kwamba kuna bakteria wanaoishi kwa kula amonia na kuigeuza nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa. Kazi hiyo hiyo hufanyika ndani ya kila tangi lililokomaa. Na hapa ndipo watu wengi hupotea: bakteria hao hawaelei majini. Wameng'ang'ania kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe, kwenye ukuta wa kioo. Unaweza kumwaga robo tatu ya maji na jeshi lote likabaki. Unaweza pia kubakiza maji yote na kuliua jeshi lote kwa kuosha sponji bombani.

Simu za kuomba msaada hunizidia siku zinazokaribia Idd na Krismasi, pale nyumba zinapofanyiwa usafi wa wageni. Mazungumzo huenda hivi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Samaki anafanyaje?"

"Amelala chini tangu asubuhi. Hata chakula hataki. Na maji nimebadilisha juzi tu, nimesafisha kila kitu."

"Sponji umeiosha na nini?"

"Sabuni kidogo, halafu nikaisuuza bombani mpaka ikatoa maji meupe."

Baada ya jibu hilo sihitaji kuuliza zaidi. Kuwalea bakteria wapya kutoka sifuri huchukua wiki 4 hadi 6, na samaki hawezi kusubiri. Ninachomwambia ni kwamba atafute mtu mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, amwombe kipande cha sponji chafu, akibebe kikiwa kimelowa maji ya tangi hilo hilo, na akiweke kwenye kichujio chake siku hiyo hiyo. Mama anayegandisha maziwa huacha kidogo cha mtindi wa jana ili uchachushe wa leo. Sponji ya jirani ni hicho kidogo cha jana. Nimeona mtu akivuka jiji zima kwa daladala na mfuko wa sponji mapajani, na nadhani hakuna safari iliyotumika vizuri zaidi.

Wakati sponji ile inaanza kazi, maji yapunguzwe na kuongezwa kila siku, robo ya tangi kwa siku, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lile lile. Chakula kisimamishwe siku mbili au tatu. Hili huwauma wenye samaki kuliko yote, hasa watoto, lakini samaki mzima anaweza kufunga wiki bila madhara, na kila punje anayokula leo ni amonia ya kesho. Zima taa ya tangi. Funika juu, kwa sababu samaki anayeteseka huruka nje usiku. Kama unaweza kununua vipimo vya matone vya amonia na nitriti, vinunue. Kama huwezi, beba maji kwenye chupa safi uende kwenye duka la samaki linalopima. Maji meupe hayasemi lolote juu ya amonia.

Ipo hali ya tatu, nayo ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa sababu huwapata watu waliotulia. Tangi limekaa miezi bila kubadilishwa maji, likijazwa tu pale yanapopungua. Samaki yumo, anakula, mwenye tangi anajivuna kwamba samaki wake hana makuu. Ndani ya maji hayo madini yanayozuia asidi yamekwisha, kipimo cha pH kimeshuka, bakteria wamezorota na amonia imejaa. Samaki yuko hai kwa sababu moja tu: kwenye maji yenye asidi, karibu amonia yote hugeuka na kuwa katika umbo lisilo kali. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inafika asilimia 5 hivi.

Piga hesabu ya mtu mwema anayeamua leo kuondoa nusu ya maji na kuweka ya kisima, na pH ikapanda kutoka 7 hadi 8. Amonia yote kwa jumla imepungua nusu. Amonia yenye sumu imeongezeka zaidi ya mara nne. Samaki aliyevumilia miezi huanguka mchana mmoja, na lawama huangukia maji ya kisima, ambayo yalikuwa mazuri tu. Nairobi huwapata wengi hivi: maji ya bwawa la Ndakaini yanayotoka milima ya Aberdare ni mepesi, na wiki ya mgao mtaa huo huo hunywa maji ya kisima yenye madini mengi. Bomba ni lile lile, maji ni mengine kabisa. Wengine hukwepa yote haya kwa kununua maji ya chupa, na hayo mengi yamechujwa hadi madini yakabaki machache mno ya kuituliza pH.

Kwa samaki wa hali hii, usimalizie kazi uliyoianza. Usiondoe nusu iliyobaki. Kama samaki yuko taabani na una dawa ya duka inayofunga amonia, itie sasa hivi. Baada ya hapo badilisha sehemu moja ya kumi tu, asubuhi na jioni, kwa siku kadhaa, mpaka maji ya zamani yaishe yenyewe taratibu. Hapa ndipo unapoona kwa nini nilisisitiza saa, na kwa nini historia ya tangi nayo ihesabiwe: aliyeungua klorini anahitaji hatua ndani ya dakika, na huyu anahitaji mkono mzito.

Dawa moja inawafaa karibu wote, nayo ni chumvi. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia na chumvi humtoka usiku na mchana, na nguvu zake nyingi huisha kwa kupambana na hilo. Gramu 1 kwa lita humpunguzia mzigo. Pia huzuia nitriti isipenye kwenye matamvua, ambako ingeifanya damu iwe ya kahawia isiyoweza kubeba hewa. Kwa samaki aliye dhoofu sana unaweza kupanda polepole hadi gramu 3 kwa lita kwa siku mbili. Pima kwa mizani, si kwa kiganja, na iyeyushe pembeni kwanza. Chumvi ya mawe ni nzuri. Ile ya dukani yenye madini joto nayo haitamuua kwa kipimo hiki. Hofu juu yake imezidi ukweli. Kumbuka tu kwamba maji yakikauka chumvi hubaki, kwa hiyo ukijazia yaliyopungua usitie nyingine.

Dawa nyingine ziache dukani kwa sasa. Tetrasaiklini hushikana na kalsiamu ya maji yenye madini ikawa haina kazi, na pale inapofanya kazi haichagui kati ya bakteria wabaya na wale wanaomsafishia samaki maji. Methilini buluu, ambayo ina matumizi yake mazuri kwenye ndoo ya pembeni, ikimwagwa kwenye tangi lenye kichujio huwarudisha bakteria mwanzo. Dawa za vijidudu zina wakati wake, siku kadhaa baadaye, kama mapezi yameanza kuliwa kingo au kuna utando wa pamba juu ya jeraha. Siku ya kwanza hakuna kijidudu cha kupigana nacho.

Dalili za kupona huja kwa mpangilio wake. Pezi la mgongoni husimama kwanza, wakati mwingine kwa dakika chache tu kisha likaanguka tena. Kisha samaki huanza kuchokonoa changarawe. Michirizi myekundu kwenye mkia hufifia. Halafu, wiki moja au mbili baadaye, huenda ukaona madoa meusi kama masizi yakitokea kwenye kingo za mapezi au ubavuni, na utaogopa kwamba ugonjwa umerudi. Mara nyingi ni ngozi iliyounguzwa na amonia inajifunga, na madoa hayo huondoka yenyewe. Anapoanza kula, anza na njegere moja iliyochemshwa na kumenywa ganda, kisha chakula chake cha kawaida kidogo kidogo.

Wengine hawaponi. Samaki aliyevimba mwili mzima magamba yakasimama, au aliyelala ubavu siku kadhaa bila kuitikia, anastahili kumalizwa bila maumivu kuliko kutupwa chooni akiwa hai. Mafuta ya karafuu, zao tunalolijua kutoka Pemba na Unguja, yana yuginoli, ambayo wataalamu wa samaki huitumia kama nusukaputi. Tikisa mafuta na maji kidogo kwenye chupa mpaka yawe meupe kama maziwa, kwa kipimo cha mililita 0.4 kwa kila lita ya maji ya chombo atakachowekwa, na usimtoe mpaka nusu saa ipite tangu matamvua yaache kutikisika.

Lakini wengi hupona, na anayepona ana maisha marefu mbele yake. Samaki wa dhahabu aliyeitwa Tish, aliyekufa Thirsk nchini Uingereza mwaka 1999, alikuwa na umri wa miaka 43. Wachina walioanza kumfuga samaki wa dhahabu wakati wa utawala wa Song, zaidi ya miaka 900 iliyopita, walimweka kwenye mabwawa. Bakuli la kioo lilikuja baadaye sana, nalo ni mahali pa kumtazamia kwa saa moja, si pa kuishi. Mimi humwambia kila mtu kwamba chini ya lita 60 kwa samaki mmoja ni kumdhulumu.

Nunua ndoo mbili zenye mifuniko ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni, uziandike kwa rangi ili dada wa kazi naye ajue ni za samaki. Jaza maji leo, tia dawa ya kuondoa klorini, weka jiwe la hewa, kesho pima joto kwa kipimajoto kile kile unachotumia tangini. Ondoa robo, weka robo, kila wiki. Sponji ikamuliwe ndani ya maji machafu yaliyotoka tangini, kamwe si bombani. Na kama wageni wanakuja Jumapili, fanya kazi hiyo Jumatano, ili ukikosea uwe na siku tatu za kumwangalia.